Madai Sita Kuhusu Askari wa Riwaya

Riwaya za vita zina wasomaji wengi na wakosoaji wengi zaidi, na si wakosoaji wote waliozisoma hadi mwisho. Ukikaa na walimu wa fasihi, na wanajeshi wastaafu, au na vijana wanaovijua vita kwa njia ya filamu tu, utasikia madai yaleyale juu ya askari anayerudi nyumbani na kumbukumbu zisizomwachia usingizi. Mara ni mtindo wa Wamarekani. Mara mambo hayo hayamhusu Mwafrika. Mara mwandishi ametia chumvi, au anawavunja watu moyo. Hapa nimeyachukua madai sita, moja baada ya jingine. Mengine yana ukweli ndani yake, nami nitaukubali palipo na haki. Lakini yote yanaanguka kwenye shimo moja: yanamtazama askari peke yake, wakati riwaya bora za vita zinamtazama vilevile yule anayempokea mlangoni.

Dai la kwanza: "Mambo haya yalianza na Wamarekani baada ya Vietnam"

Anayesema hivi ana sababu. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza ugonjwa wa kiwewe kwenye mwongozo wake wa magonjwa, baada ya msukumo mkubwa wa wapiganaji wa zamani wa Vietnam na madaktari waliowaunga mkono. Filamu zikalisambaza jina hilo dunia nzima. Lakini mtu huanza kuumwa kabla daktari hajaupa ugonjwa jina.

Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet habari za askari waliopungukiwa na kumbukumbu, kuona, kunusa na kuonja baada ya makombora kupasuka karibu nao. Katika vita hivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake kwa makosa kama kutoroka na woga, na mwaka 2006 serikali ya nchi hiyo ikawasamehe 306 kati yao, miaka karibu 90 tangu wazikwe. Fasihi haikungoja msamaha huo. Katika Mrs Dalloway ya Virginia Woolf, iliyotoka mwaka 1925, Septimus Warren Smith amekaa bustanini London na mkewe Mwitaliano, Rezia, mchana kweupe, na anamwona rafiki yake Evans akimjia. Evans aliuawa Italia muda mfupi kabla ya vita kwisha. Daktari wa kwanza anamwona Septimus hana lolote, ajitafutie la kumchangamsha. Wa pili, bingwa mwenye jina kubwa, anataka kumtenga na mkewe. Rezia anajua mumewe anaongea na nani usiku na mchana, na hakuna anayemuuliza.

Ukiona 1925 ni juzi, rudi kwenye Odyssey, utenzi wa Kigiriki wenye zaidi ya miaka 2,500. Odysseus amefika ugenini na hajajitambulisha. Karamuni, mwimbaji kipofu Demodocus anaanza kuimba habari za vita vya Troy. Mgeni anavuta vazi lake hadi kichwani ili alie asionekane. Wenzake wanaendelea kula na kufurahia wimbo. Mfalme Alcinous, aliyekaa ubavuni pake, ndiye pekee anayemsikia akigumia, na ndiye anayemsimamisha mwimbaji. Mtunzi huyo wa kale alijua kwamba machozi ya askari hayatoshi kuwa hadithi mpaka awepo mtu wa kuyaona.

Dai la pili: "Ni ugonjwa wa Wazungu. Askari wetu alirudi kwenye ukoo wake, akatambikiwa, yakaisha"

Hili ndilo dai ninalolisikia zaidi, na linasemwa kwa fahari. Ni kweli kwamba jamii nyingi za Afrika zilikuwa na taratibu za kumtakasa aliyeua vitani kabla hajala na wenzake, na taratibu hizo zilikuwa na hekima. Tatizo ni neno "yakaisha". Waandishi wa Kiafrika walioandika juu ya askari wanaorudi hawasemi hivyo.

Anza na Sozaboy ya Ken Saro-Wiwa, ya mwaka 1985, juu ya vita vya Nigeria. Mene anaingia jeshini akiutamani ukubwa na sare. Anaporudi kijijini kwake Dukana, mama na mkewe wamekwisha kufa, na wanakijiji wanaamini kwamba yeye mwenyewe alikufa zamani. Aliyerudi ni mzimu, na ndio unaoleta maradhi yanayowaua. Imani ile ambayo dai hili linaitegemea imponye ndiyo inayomfukuza. Anaondoka kwao kwa miguu yake.

Ngũgĩ wa Thiong'o anakwenda mbali zaidi katika Weep Not, Child (1964). Boro amerudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, ambako ndugu yake Mwangi aliuawa. Hana kazi, anakunywa, anakaa kimya akimtazama baba yake, Ngotho, kwa jicho la lawama. Ngotho naye alitumikishwa katika Vita vya Kwanza, na aliporudi akakuta ardhi ya wazee wake imechukuliwa. Anayeilima ni Howlands, Mwingereza aliyekuja Kenya kuikimbia kumbukumbu ya vita hivyohivyo. Ngũgĩ hakuliokota jambo hili hewani: mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa askari wa zamani wa Uingereza mashamba Kenya. Dawa ya kiwewe cha mmoja ikawa shamba la mwenzake. Basi Boro aurudie ukoo upi? Ukoo wenyewe unaishi kwa hisani kwenye ardhi ya mtu mwingine. Anaingia msituni, anakuwa kiongozi wa wapiganaji, na mwishowe anampiga risasi Howlands. Wanaume wawili walioharibiwa na vita vya Ulaya wanakutana katika chumba kimoja Kenya, na hakuna kati yao anayeijua habari ya mwenzake.

Kisha kuna pwani yetu. Katika Afterlives (2020), Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, anamfuata Hamza, kijana aliyejiunga na jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki. Jeraha lake kubwa hakulipata kwa adui. Alikatwa kwa upanga na Mjerumani wa kikosi chake mwenyewe. Anarudi kwenye mji wa pwani akichechemea, anapata kibarua kwenye ghala la mfanyabiashara, anamwoa Afiya. Mchana ni mtu mpole, fundi mzuri wa mbao. Usiku majinamizi yanamrudisha alikotoka, na Afiya ndiye anayelala ubavuni pake. Wanapata mtoto wa kiume, wanampa jina la mjomba wake, Ilyas, aliyekwenda vitani asirudi. Mtoto huyo, ambaye hajapata kuona vita, ndiye anayeanza kusikia sauti.

Gurnah haikebehi tiba ya nyumbani. Anaitwa mtu wa kupunga pepo, na ngoma inachezwa kwa heshima zake zote. Lakini jambo linakwisha, kama ni kwisha, pale Ilyas mdogo anapokwenda Ujerumani miaka mingi baadaye na kufuata makaratasi yanayoonyesha kuwa mjomba wake alifia katika kambi ya Sachsenhausen. Historia inamjua mtu halisi aliyepita njia kama hiyo. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam, akawa askari wa Wajerumani angali mtoto, akaenda Berlin kudai mishahara ya vita, na akafia Sachsenhausen mwaka 1944. Tambiko linaweza kumpokea aliyerudi. Haliwezi kumlipa mshahara wake, wala kuwaambia wanawe mjomba wao yuko wapi.

Dai la tatu: "Asiyewahi kushika bunduki asiandike habari za vita"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanasema. Mfano wa kwanza unalimaliza dai hili haraka. Stephen Crane alizaliwa mwaka 1871, miaka sita baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha, na riwaya yake The Red Badge of Courage (1895) ikasifiwa kama vile ameiandika mtu aliyekuwa mstari wa mbele. Woolf hakupigana. Gurnah hakupigana. Pat Barker, aliyeandika Regeneration (1991) juu ya maafisa waliochanganyikiwa katika Vita vya Kwanza, alizaliwa mwaka 1943.

Ila methali yenyewe inastahili jibu kamili. Kitanda cha askari hakilaliwi na askari peke yake. Mkewe amekilalia, na watoto wamelala chumba cha pili wakisikiliza. Kumbukumbu inayorudi usiku ina mashahidi, na wengi wao hawakwenda vitani. Woolf aliandika kutoka upande wa Rezia, Gurnah kutoka upande wa Afiya. Kunguni wa kitanda hicho wanawajua.

Dai la nne: "Waandishi wanatia chumvi. Askari wengi hurudi wazima"

Nusu ya pili ya dai ni kweli. Utafiti mkubwa uliofanywa miaka ya 1980 juu ya Wamarekani waliopigana Vietnam ulikadiria kwamba wanaume kama 30 katika kila 100 waliwahi kupatwa na ugonjwa wa kiwewe wakati fulani, na 15 walikuwa bado nao. Mwaka 2006 Bruce Dohrenwend na wenzake waliupitia upya kwa kulinganisha na kumbukumbu za jeshi, wakashusha hesabu hadi karibu 19 na 9. Kwa hesabu zote mbili, wengi hawakuugua. Lakini watu 9 katika 100, zaidi ya miaka kumi baada ya vita kwisha, ni nyumba nyingi mno.

Nusu ya kwanza ndiyo yenye kasoro, kwa sababu inachanganya riwaya na sinema mbaya. Sote tumeiona ile sinema: mlango unabamizwa, askari anajitupa chini, picha inageuka kuwa milipuko na helikopta. Hiyo ndiyo chumvi. Waandishi wenye kuijua kazi yao hupunguza badala ya kuongeza. Katika "Big Two-Hearted River" ya Ernest Hemingway, iliyochapishwa mwaka 1925, Nick Adams anapiga hema na kuvua samaki, basi. Vita havitajwi hata mara moja. Unavihisi katika uangalifu wake uliopita kiasi, jinsi anavyopanga kila kitu mahali pake, na jinsi anavyokataa kuingia kuvua kwenye kinamasi.

Au mtazame Norman Bowker katika The Things They Carried (1990) ya Tim O'Brien, mwandishi aliyekuwa askari Vietnam mwaka 1969 na 1970. Ni tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru, katika mji mdogo wa Iowa. Norman anaendesha gari la baba yake kulizunguka ziwa, akimaliza anazunguka tena, na tena. Ana medali saba. Anayotaka kuisimulia ni ile aliyoikosa, habari ya usiku ambao rafiki yake Kiowa alizama kwenye shamba la kinyesi kando ya mto, naye Norman akashindwa kumvuta. Baba yake yuko nyumbani anatazama besiboli kwenye televisheni. Msichana wake wa zamani ameolewa. Norman anasimama kwenye mkahawa ambao mteja huagiza akiwa ndani ya gari lake, anakula baga. Sauti ya mhudumu kwenye kipaza sauti inamuuliza anahitaji nini zaidi. Mhudumu yuko tayari hata kumsikiliza. Norman anakaribia kufungua kinywa. Kisha anajibu kwamba hakuna kitu, anarudi ziwani.

Hakuna aliyejitupa chini hapo. Mtu mmoja amekula baga na kuzunguka ziwa, na masikio pekee yaliyojitolea kumsikia yalikuwa ndani ya kisanduku cha chuma. Anayesema hiyo ni chumvi atuonyeshe ni neno gani angelipunguza.

Dai la tano: "Vitabu hivi vinawadhalilisha askari na kuvunja moyo majeshi"

Dai hili lina historia, na historia yake haipendezi. All Quiet on the Western Front ya Erich Maria Remarque ilitoka Ujerumani kama kitabu mwaka 1929. Filamu yake ilipoonyeshwa Berlin Desemba 1930, Wanazi wakiongozwa na Goebbels walifungulia panya weupe ndani ya ukumbi na kurusha mabomu ya uvundo, na baada ya siku chache filamu ikapigwa marufuku. Hoja yao ilikuwa hii hii: inamtukana askari wa Kijerumani. Mwaka 1933 walikichoma kitabu hadharani. Mwaka 1943 walimkata kichwa Elfriede Scholz, dada yake Remarque, kwa kosa la kusema maneno ya kuvunja moyo wa vita.

Sasa tazama ni nini hasa kilichowaudhi. Paul Bäumer, askari anayesimulia kitabu hicho, anapewa likizo, anarudi kwao. Mlio wa tramu barabarani unamshtua kwa sababu unafanana na kombora linalokuja. Lakini tramu si kitu. Wazee kwenye baa wanamfundisha jinsi vita vinavyopaswa kupiganwa. Baba yake anataka hadithi za ushujaa. Kisha anakwenda kwa mama wa rafiki yake Kemmerich, aliyekufa polepole hospitalini baada ya kukatwa mguu, na mama huyo anamtaka aape kwamba mwanawe alikufa papo hapo bila maumivu. Paul anaapa. Anaapa kwa uhai wake mwenyewe. Askari hajadhalilishwa mahali popote katika kurasa hizo. Walioaibishwa ni raia wanaotaka vita vitamu kwa masikio, na serikali inayowauzia.

Upande wa washindi haukuwa tofauti sana. Bao Ninh, aliyepigana katika jeshi la Vietnam Kaskazini, aliandika The Sorrow of War, riwaya ya mpiganaji Kien anayekusanya mifupa ya wenzake msituni baada ya ushindi wa 1975. Ilipata tuzo ya waandishi nchini mwake mwaka 1991, kisha ikashambuliwa na walioona inautia doa ushindi. Ushindi una wenyewe wa kuulinda. Wale waliopigwa risasi alfajiri kwa woga kati ya 1914 na 1918 hawakuwa na wa kuwalinda, na hakuna riwaya iliyowadhalilisha kuliko hukumu zile.

Dai la sita: "Kusimulia ni dawa. Askari akishasema, amepona"

Dai hili huletwa na marafiki wa fasihi, ndiyo maana nimeliweka mwisho. Linasikika jema. Walimu hulipenda, na waandishi hulipenda zaidi kwa kuwa linawafanya waganga. Riwaya zenyewe zinalikataa.

Regeneration ya Barker inakaa hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, ambako daktari W. H. R. Rivers, mtu wa historia ya kweli, aliwatibu maafisa kwa kuwasikiliza. Wanasema, wanalia, wanapata nafuu. Na wakishapata nafuu, wanarudishwa kwenye mahandaki. Rivers anajua hivyo, na ujuzi huo unamla. Mshairi Wilfred Owen alitibiwa Craiglockhart mwaka 1917, akarudi mstari wa mbele, akauawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kusimama. Barker anaweka pia kipimo cha kutisha zaidi. Rivers anakwenda London kumtazama daktari Lewis Yealland, naye aliyekuwepo kweli, akimtibu askari aliyekuwa bubu tangu vitani. Mlango unafungwa, umeme unapelekwa kooni mwake, na hatoki mpaka aseme. Mwishowe anasema. Kama kusema ndiko kupona, basi Yealland alikuwa mganga bora kuliko Rivers.

Norman Bowker naye, katika sura inayofuata ile ya ziwa, anamwandikia msimulizi barua ndefu akiomba habari yake iandikwe. Inaandikwa. Norman anajinyonga. Msimulizi ana jina la O'Brien lakini mambo mengi ya maisha yake ni ya kubuni, kwa hiyo mwandishi alikuwa na uhuru wa kumponya Norman kwa sentensi moja. Hakufanya hivyo. Kien wa Bao Ninh anaandika usiku kucha miaka nenda rudi, na anachoacha ni rundo la karatasi zisizo na mpangilio.

Kwa hiyo waandishi hawa hawaulizi kama askari amesema. Wanauliza amemwambia nani, na msikilizaji alikuwa akitaka nini kutoka kwake: askari wa kumrudisha vitani, shujaa wa kujivunia, au mtu wa kuishi naye. Majibu hayo matatu yanazaa hadithi tatu tofauti, na ni la tatu tu ambalo Afiya amelichagua.

Fasihi ya Kiswahili ina mkono mzuri wa kusimulia vita vyenyewe. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita vya 1939 hadi 1945, na Henry Muhanika akatunga utenzi wa Vita vya Kagera. Tenzi hupenda kuandamana na majeshi. Riwaya ina kazi ya kuanzia pale majeshi yanapovunja kambi. Kijana aliyeingia Uganda na jeshi la Tanzania mwaka 1979 akiwa na miaka 20 sasa amevuka miaka 65, na wake na watoto wa wapiganaji hao wanajua mambo yasiyomo katika taarifa yoyote ya jeshi. Mwandishi atakayewafuata hao kwanza, kabla hajamuuliza mzee ameua wangapi, atakuwa ameanzia mahali panapostahili. Na msomaji atakayekitia kitabu hicho mkononi aanze kwa kumtafuta msikilizaji. Asipomwona, aliyosoma ni taarifa ya mapigano tu.